Siku Mbili za Mfumaji Eulogio Itzep

Ndugu waombolezaji, majirani wa kitongoji chetu cha Chuabaj, wafumaji wenzake marehemu, na nyote mliopanda kilima hiki pamoja na matope yake, mimi ni Tránsito, binti wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu kaka yangu hulia upesi na mimi, kama mnavyonijua, hugomba upesi, na leo tumeona bora mgomvi kuliko mliaji.

Marehemu baba yetu, Eulogio Itzep Chaj, alizaliwa hapa hapa Chuabaj mwezi wa Februari mwaka 1951, akiwa mtoto pekee wa Macario Itzep na Rosenda Chaj, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa marehemu ana tarehe mbili za kuzaliwa na zote nitazisoma kila moja mahali pake. Cheti chake kinasema Jumanne tarehe 20, siku ambayo kwa hesabu yetu ya siku mia mbili na sitini, ambamo kila siku ina namba na jina lake, ni Tz'ikin kumi na tatu, yaani Ndege, na hiyo ndiyo siku aliyoijua kuwa yake mpaka alipofikisha miaka hamsini na minane. Mama yake alifariki mwezi huo huo, na babu Macario, aliyekuwa amejiunga na watu wa kanisa wasiotaka kusikia habari za kuhesabu siku, hakumtaja tena nyumbani, wala mama wala siku.

Alisoma shule ya kitongoji kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, akaishia darasa la tatu, si kwa ujinga bali kwa kukosa viatu, na mwaka 1964 mjomba wake akamweka kwenye kitanda cha mfumi kufuma mablanketi ya sufu, kazi aliyoifanya kwa miaka hamsini na tisa bila kubadili, isipokuwa misimu mitatu aliyokwenda pwani kuchuma pamba, ambayo aliizungumzia kama mtu anavyozungumzia jela.

Tarehe 18 Mei 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mama yetu, Eligia Xiloj, aliye hapa mbele yenu, na blanketi la harusi alilifuma mwenyewe, akalipeleka kulikanyaga kwenye chemchemi ya maji moto ili sufu ishikane, akalikanyaga kwa furaha kupita kiasi, likarudi limefupika hata likawa linafunika miguu ya mtu mmoja tu, na mama anasema miguu hiyo haikuwa yake. Walijaliwa watoto watano, mmoja wao, Santos, akatangulia akiwa na miezi minne, na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1986 marehemu alipata kijitabu cha hesabu ya siku, akaanza kazi iliyompa jina, ya kumfumia kila mtu alama ya siku yake. Wengine hunakili alama kitabuni, yeye alikataa, alikukalisha chini akakuuliza unalala saa ngapi, unamwogopa nani, unapika nini, ndipo akachora kwenye karatasi ya miraba, na kwa hiyo hakuna Kulungu wawili waliofanana kutoka mikononi mwake, Kulungu wa fundi matofali alikuwa na mgongo mpana na wa mwalimu Petronila alikuwa amegeuza shingo kama anayesikia kelele darasani. Watu walikuja na vyeti vya watoto wachanga, wachumba walikuja, vijana wa mjini walikuja kuomba michoro ya kuchanjwa mikononi kama tatuu, na katika kila kazi, kona ya chini upande wa kulia, alitia sahihi yake, ndege mdogo, na chini ya ndege mistari miwili, kila mmoja tano, na vitone vitatu, maana yake kumi na tatu.

Jumapili tarehe 19 Aprili 2009, baada ya soko, alikuja bibi Paulina Tzul, mkunga, mwenye miaka themanini na sita wakati huo, kuagiza blanketi la kitukuu, akaishika ile kona ya blanketi lililokuwepo, akauliza, "We Eulogio, huyu ndege wa nani?" Baba akajibu, "Wangu, bibi." Bibi Paulina akasema, nami nilikuwepo nikichambua sufu, "Wako tangu lini? Wewe nimekupokea kwa mikono hii Ijumaa, siku ya Uzi, mama yako akacheka kwamba amezaa mfumaji. Ndege ni Jumanne aliyokufa mama yako." Ndipo tukaelewa kwamba babu Macario alishuka mjini Jumapili iliyofuata kuandikisha kifo na uzazi kwa mkupuo mmoja, na karani akaandika tarehe moja kwenye vitabu vyote viwili, labda kwa uvivu, labda kwa njaa. Kwa hiyo tarehe ya pili ninayowasomea, na iliyo ya kweli, ni Ijumaa tarehe 16 Februari 1951, siku ya B'atz' tisa, yaani Uzi, mstari mmoja na vitone vinne.

Wafumaji wenzake mlicheka sana, mtu wa Uzi kufuma maisha yake yote bila kujua, naye alicheka nanyi, ila hakugusa kitanda cha mfumi kwa siku tisa. Aliporudi kazini alibadili utaratibu, mtu akija na kitambulisho alimwambia, "Hicho weka mfukoni, niletee mama yako, au aliyekupokea," na yupo kijana hapa, simtaji, aliyekwisha kuchanjwa Chui mkono mzima, mama yake alipoletwa ikabainika kuwa kijana ni Mbwa.

Lakini ndege wa kona hakumwondoa. Wazee wa hesabu walimwonya kwamba mtu akizikwa na siku isiyo yake, walio upande wa pili hawatamtambua, na mimi niliogopa, sifichi, nikachukua mkasi nikaanza kufumua kona ya blanketi lililokuwa tayari. Akanishika mkono, akasema, "Weka mkasi chini," basi, na sababu hakuitoa kwa miaka kumi na minne.

Kisukari kilimpata mwaka 2014, kikamla macho, kisha figo, na blanketi lake la mwisho, la kuzikwa nalo, alilifuma akihesabu nyuzi kwa vidole, akalimaliza tarehe 30 Agosti mwaka huu wa 2023. Katikati aliweka Uzi wake wa kweli, mkubwa, na kwenye kona akamweka ndege. Nikamwambia, "Baba, unajiharibia safari." Akasema, "Tránsito, sina picha ya mama, sauti yake siijui. Yule karani alikosea, ndiyo, lakini bila kosa lake nisingemfuma mama yangu kila siku miaka yote hii. Alinibeba siku nne tu. Nikifika kule mzee, kipofu, bila ndege wake, atanijuaje?"

Alifariki Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, mikononi mwa mama yetu, akiwa na miaka sabini na miwili na miezi minane, na kwa hesabu yetu ilikuwa siku ya Njia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliokesha nasi na kuleta mahindi na kuni, wafumaji mliobeba jeneza, na familia ya marehemu bibi Paulina. Tunamshukuru pia karani yule, popote alipo, na mimi ninayesoma namwomba baba msamaha kwa ajili ya mkasi.

Nimemfunika mwenyewe asubuhi hii. Kona nimeipandisha juu, karibu na uso, ndege aonekane kwanza.

Pumzika kwa amani, mtoto wa Rosenda.