Mlima wa Moshi, Wingu la Chwaka

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 1972, Bwana Borafya Shaame atazima taa nyekundu ya chumba cha giza, atatoka nje, na safari hii Jumamosi hatarudi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika Studio yetu ya Kiponda, mjini Unguja. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu meza yangu ya mbele ndiyo iliyopokea sifa zote alizopata na malalamiko yote aliyoyasababisha, na malalamiko, nasema kwa mapenzi, hayakuwa haba.

Alianza mwaka 1941 kwa kuosha picha. Maji ya kisima cha jirani yalikuwa ya chumvi, picha zikikauka zinatoka madoa, basi akawa anateka maji baridi, yasiyo na chumvi, mitaa ya mbali na kuyarudisha kwa ndoo kupitia vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Miaka michache baadaye alikuwa amekwisha kukabidhiwa mashine ya kukuzia picha, na tangu hapo hakuna aliyeigusa bila ya ruhusa yake.

Adui yake mkubwa alikuwa joto. Dawa ya kusafishia filamu ikipata moto, filamu inalegea na kuharibika. Kwa hiyo kila asubuhi alinunua bonge la barafu, akalifunga kwa gunia, akalikimbiza studio kabla halijageuka maji, akaliweka kwenye sinia kuzunguka bakuli la dawa. Alijua dawa iko tayari kwa kuchovya ndani yake kidole cha mwisho, na kidole hicho mpaka leo kina rangi ya kahawia. Barafu hiyo wasomaji waikumbuke, itarudi huko mbele.

Mjini alijulikana kwa kutengeneza sura za watu. Kwa penseli iliyochongwa ikawa mfano wa sindano, aliondoa chunusi, makovu na uchovu. Bibi harusi mmoja alifumba macho picha ilipopigwa. Bwana Borafya akamchorea macho mawili mazuri kabisa, na bwana harusi akaja kwangu kuuliza mbona mkewe nyumbani hamtazami hivyo. Familia moja ya Mkunazini ilikuwa na kijana wao safarini Mombasa. Bwana Borafya akamtoa kwenye picha yake ndogo ya zamani, akamsimamisha nyuma ya baba yake, ila hakupima vizuri, kijana akawa na kichwa kikubwa kuliko cha mzee. Mzee alinuna, mama alifurahi, na picha ipo ukutani mpaka leo.

Basi ikaeleweka Unguja nzima kwamba kitu kikipita mikononi mwa Borafya hutoka kizuri kuliko kilivyoingia. Ilikuwa sifa kubwa, na ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1967 studio ilitakiwa kutayarisha maonyesho ya picha za bara na visiwani. Za visiwani tulikuwa nazo. Za bara hatukuwa na hata moja, na haingewezekana kuonyesha bara bila ya Mlima Kilimanjaro. Akachaguliwa Bwana Borafya, mtu ambaye mahali pa juu kabisa alipowahi kusimama ni darini kwao. Alivuka kwa meli mpaka Dar es Salaam, akapanda basi mpaka Moshi, amevaa koti zito la kuazima juu ya kanzu, na mfukoni mwa koti ameweka kioo chekundu cha kuvisha mbele ya lenzi. Kioo hicho ndicho kinachofanya kazi yote katika picha ya mlima isiyo na rangi: hulitia giza anga la buluu, na theluji ikasimama mbele yake nyeupe, peke yake.

Karibu wiki nzima mlima haukujitokeza. Wenyeji wakimwonyesha kwa kidole, yeye anaona mawingu. Asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, anatia udhu wa pili kwa kuwa baridi ilimpeleka haja tena, akainua kichwa, mlima huo, wazi, karibu kiasi cha kutisha. Alikimbia na kamera, akapiga picha chache, na mawingu yakafunga tena. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba koti liko msumarini, na kioo chekundu kimo ndani ya koti.

Aliposafisha filamu hapa Kiponda tukaona hasara yake. Bila ya kile kioo, anga lilitoka jeupe sawasawa na theluji, mlima hauna kilele, umekatwa shingo. Mtu mwengine angekata tamaa. Yeye alikata kipande cha kadi kwa umbo la mlima, akakishika chini ya mwanga wa mashine kuuziba mlima, huku akiliongezea anga mwanga kidogo kidogo, kwa maana karatasi ya picha kila ikipata mwanga zaidi hutoka nyeusi zaidi. Kadi aliitikisa muda wote ili ukingo usiache mstari. Aliharibu karatasi nyingi mpaka anga likawa kijivu, na juu yake ikatoka theluji, kila mkunjo wake. Nilikuwepo alipoitoa kwenye dawa. Alicheka peke yake gizani.

Angeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini akalilaumu anga lake kwamba ni tupu, halina uhai. Akafungua boksi, akatoa filamu ya wingu moja kubwa zuri alilolipiga pwani ya Chwaka, huku kwetu Unguja, akalichapa juu ya mlima.

Siku ya maonyesho, kwenye ukumbi uliopo karibu na Forodhani, watu walijaa. Alikuja Bi Mwanamwema Nahodha kutoka Chwaka, msokotaji kamba za makumbi ya nazi, kwa sababu aliambiwa amo kwenye picha. Na kweli alikuwemo, yeye na wenzake wanaponda makumbi pwani. Akajitazama akaridhika. Kisha akaufuata ukuta huohuo, akasimama mbele ya Kilimanjaro, akarudi kwenye picha yake, akaenda tena kwenye mlima. Alipoulizwa kama anaujua mlima ule, alijibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya ghuba.

"Mlima siujui. Wingu nalijua, nlikuwa chini yake."

Ukumbi mzima ukatazama. Wingu lilikuwa lilelile, na mkia wake uleule upande wa kulia. Bwana Borafya alikuwa amezitundika picha zote mbili ukuta mmoja kwa mikono yake mwenyewe.

Mji wetu ukipata la kuchekea hauliachi haraka. Kwa miezi kadhaa watu walimwomba mvua. Mabwana harusi walitaka watiwe theluji kwa nyuma. Hayo aliyachukua kwa kicheko, ni mtu wa utani. Lililomuumiza ni jengine. Kwa kuwa wingu lilikuwa la kupachikwa, watu wakaamua kwamba na theluji imepachikwa, na asiyeamini kuliko wote alikuwa mkewe, Bi Kidawa.

Bi Kidawa ana hoja. Mumewe amenunua barafu kwa miaka yote hiyo. Yeye mwenyewe amelifua lile gunia. "Barafu ya kwetu ikitoka sokoni haifiki Kiponda ila robo yake," aliniambia. "Hiyo yake ya mlimani inakaa juani mwaka mzima, haiyeyuki, inamngojea nani? Mwambie nshajua, ni chokaa."

Ujumbe niliufikisha kwa Bwana Borafya. Aliiteremsha picha ya wingu, akaichapa upya bila ya wingu, anga tupu na mlima, akaitundika juu ya meza yangu. Tangu siku ile akajiwekea sharti na akatufundisha sote: kilichomo ndani ya filamu kitoe kionekane, hata kama kimejificha, hata ikibidi uzibe na uongeze mwanga siku nzima, kisichokuwemo usikitie. Matar, anayeshika nafasi yake sasa, analifuata sharti hilo kiasi kwamba wateja wenye chunusi wananijia mimi na machozi. Kwa mkono huohuo Bwana Borafya alitupatia picha za skuli zetu, za wavunaji karafuu, na ile ya kima punju wa Jozani ambayo kwa mbali ni majani matupu, mpaka jicho la mnyama likukamate. Ni kazi kubwa, na tunajivunia. Lakini kila akipita mezani kwangu aliutazama mlima wake, na mimi nilijua anachokitaka. Alitaka mtu mmoja tu amwamini, na mtu huyo alikuwa anamwekea chai kila asubuhi.

Mwanzo wa mwaka huu tulimwuliza anataka zawadi gani ya kustaafu. Tulishaitazama redio. Akaomba tumpeleke mkewe Moshi. Tukachanga, na tukampa zawadi kabla ya wakati wake, mwezi wa Februari, kwa kuwa ukingoja Juni mlima unaweza kujifunika ukakurudisha mtupu. Kamera aliiacha kwa makusudi. Alisema akirudi na picha nyengine ataonekana amerudi na uongo mwengine. Bi Kidawa yeye alikwenda na ile picha ya ukutani, ameifunga kwa kanga, kama shahidi wa kwenda kuhojiwa.

Waliporudi, Bi Kidawa alikuja moja kwa moja studio kabla ya kwenda kwake. Sote tuliacha kazi, hata Matar alitoka gizani. Akatueleza kwamba asubuhi za mwanzo hakuona kitu, na aliona haya kwa ajili ya mumewe, maana wenyeji walikuwa wanamwonea huruma. Kisha ukafunguka. Akaikunjua kanga, akaiinua picha mbele ya mlima, akatazama huku akatazama kule, mpaka mikono ikamchoka.

"Ipo," alisema. "Jua limewaka, na ipo, haina habari. Kila mkunjo alioutoa upo. Huyu mzee wingu tu alitudanganya."

Bwana Borafya alikuwa amesimama mlangoni na mizigo. Sijapata kumwona mtu mzima akilia na kucheka kwa pamoja, na sioni haya kuandika kwamba hakuwa peke yake.

Lakini Bi Kidawa hakuwa amemaliza. Alisema ukutani kwake haitaki picha hii ya anga tupu. Ameshauona mlima, hahitaji tena ushahidi. Anaitaka ile ya zamani, yenye wingu la Chwaka. Huko Moshi, alisema, kila kitu kilimpendeza, ila hapakuwa na kitu hata kimoja cha kwao.

Hiyo ndiyo itakuwa kazi ya mwisho ya Bwana Borafya Shaame katika studio hii. Ameshaichapa, inakauka nyuma yangu ninapoandika. Sharti lake hakulivunja, kwani chini ya picha, kwa ile penseli yake ya chunusi, ameandika: Mlima wa Moshi. Wingu la Chwaka.

Ahsante, Bwana Borafya, kwa miaka yote uliyotutolea mwanga gizani. Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, wewe na Bi Kidawa, na kila utakalolisema sasa lisadikiwe nyumbani mara ya kwanza. Maisha yako yawe mema.

Time Bakar, meza ya mbele