Mama Tupokigwe na Miezi Minne ya Mshtarii

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mama Tupokigwe Mwakibete anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu hapa kwenye kituo chetu cha elimu ya anga Bunju. Walioombwa kuandika kabla yangu walisingizia kazi nyingi, ndiyo maana jarida limepata mwandishi bora kuliko wote. Kidato cha nne kilinikataa, kalamu haikunikataa.

Aliingia mwaka 1992 akiwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliiogopa. Yeye aliifunika khanga isiingie vumbi, akajifunza kuiamrisha. Mwaka 2011 akaandika programu ya kukokotoa mahali ilipo miezi minne mikubwa ya Mshtarii, sayari ambayo wengine huiita Jupita. Unaingiza tarehe na saa, inakuchorea upi uko kushoto, upi kulia, upi umejificha nyuma. Hata safari ya mwanga kutufikia, kama dakika arobaini hivi, ameihesabu. Husema tunachokiona kwenye darubini ni uji uliokwishapoa.

Novemba 2022 nusura programu hiyo itupwe. Bodi ilitaka tutumie ya nje, inayokula bando, wakati shule nyingi tunazozitembelea Temeke hazina mtandao. Mzee Adelard, mwenyekiti wa bodi, akaja ajionee kabla ya kuamua. Mie, fundi wa darubini, nikakaa kwenye kompyuta bila kuombwa, maana nilikuwaga najiona najua kila kitu.

Kompyuta ikachora miezi miwili huku, miwili kule. Mzee Adelard akachungulia kwenye darubini: mitatu tu, yote upande mmoja.

"Mama, huyu wa nne kaenda Mwenge kununua vinyago?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Kazi yake ya miaka kumi na moja ilikuwa inakwenda na maji.

Akasogea, akasoma nilichoandika. Ilikuwa saa mbili usiku, na mie nikaandika 2, kama tunavyohesabu sie wote. Kumbe kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku, ikadhani ni saa nane ya usiku wa kuamkia siku ile. Tulikuwa nyuma kwa saa kumi na nane, na Io, mwezi unaoizunguka sayari kwa chini ya siku mbili, ulikuwa umeshahama, na mwenzake mmoja umeshavuka upande wa pili.

"Brightson mwanangu, umemwonyesha mgeni miezi ya usiku wa jana."

Akaandika 20. Picha ikajichora upya: mitatu upande mmoja, Io nyuma ya sayari. Chini yake ikaandika kwamba Io ungetokea baada ya dakika ishirini. Mzee Adelard akang'ang'ania darubini, hataki kumpisha mtu. Dakika ya ishirini na moja akapiga kelele kama kafunga goli. Programu haikutupwa.

Mama hakunifokea. Wiki iliyofuata aliibadilisha ikubali saa tunavyozitaja wenyewe, asubuhi, mchana au usiku, akanilazimisha nikae pembeni yake hadi nielewe kila mstari. Leo inatumika katika shule kumi na tisa, na kuanzia Julai mtunzaji wake, kwa amri ya Mama, ni mie. Wenye wasiwasi wamuulize yeye.

Asante, Mama Tupo, kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya njema, wajukuu wasikivu na anga lisilo na mawingu. Programu ikinishinda nitapiga simu. Upokee.

Brightson, fundi wa darubini