Jina Nililokatazwa Kuitikia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msiponielewa leo msijilaumu, maana hata mimi bado sijajielewa.

Mnanijua kama Yohana wa Kwihara. Nilikimbia kutoka Urundi, nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji, baada ya kuchapwa viboko kwa kukataa kazi ya barabara. Mimi na mke wangu tukatembea mpaka Tabora, nikaandikishwa bomani kuomba kibali cha kukaa. Nikaambiwa ningoje. Nikinyimwa, nitarudishwa kwenye viboko vile vile.

Nimengoja miaka, ndugu zangu. Kila siku ya kusikilizwa mashauri ya wageni nilikaa barazani bomani. Waliofika nyuma yangu wakapewa vibali wakaenda zao. Nikafunga, nikaomba, nikalia katikati ya shamba langu la karanga.

Sasa sikilizeni. Nilipoandikishwa nilikuwa bado Bukuru, jina la pacha aliyetangulia kuzaliwa. Baadaye nikabatizwa. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu wa kale amekufa, tukiitwa kwa jina lake tusiitike. Majirani walinitania, "Bukuru wee!", nami kimya. Basi na tarishi wa boma alipotoka akaita Bukuru, niliinamisha kichwa. Nilidhani shetani ananitega kwa kibali, na kwamba Mungu atamtuma mtu aniite Yohana. Nikamngoja mtu huyo.

Juzi mke wangu, ambaye hajabatizwa, aliniletea ugali pale barazani. Kwetu mke hamtaji mume kwa jina. Tarishi akaita. Mke wangu akaweka chungu chini, akanishika mkono, akasema mbele za watu, "Bukuru ni huyu, mume wangu. Tumechoka kungoja." Tukaingizwa kwa Bwana Shauri, afisa wa boma, na kibali kikatoka siku hiyo hiyo.

Njiani nikamuuliza kwa nini amefanya vile. Akasema, "Mimi niliolewa na Bukuru. Huyo Yohana nampikia tu."

Nimekuja kushukuru, lakini nimechanganyikiwa. Je, Mungu aliniita kwa jina nililozika kwa ajili yake? Nilikuwa mwaminifu au mkaidi? Mwalimu ananitazama hapa, na sioni kama naye anajua. Ninachojua ni kwamba hakuna wa kunirudisha tena, na nina furaha.

Mtumainini Bwana, ndugu zangu, hata msipomwelewa. Mke wangu amekaa pale nyuma karibu na mlango. Siku Bwana atakapouliza nani aliitika alipoita, mimi nitamwonyesha yeye.