Maisha ya kaka Josaphat Katsuva, fundi wa radio, na filamu zake za Danemark

Bwana mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu muliotoka Butembo na Mahagi, majirani wa mutaa wetu wa Ngezi, mbele ya kusoma maisha ya kaka yangu ninaomba munivumilie niungame dhambi moja, sababu familia ilinichagua miye, Mbambu Charlotte, dada yake mudogo, kusoma hii karatasi, na siwezi kusimama karibu ya sanduku lake nikiwa na uongo mu kinywa: tarehe 20 mwezi wa saba 2010, siku ya mardi, ni kusema jumanne, asubuhi, nilichukua filamu ya kaka yangu nikaitupa mu choo, kisha nikaacha mutu mwingine aitwe mwizi. Mutu huyo ni papa Fiston, ambaye tangu jana anaikaa ngambo ya barabara, chini ya baraza ya jirani, hajaingia chini ya bâche yetu ya kilio. Ukurasa huu familia haikuuona, mama Marcelline, mujane wake, unisamehe.

Sasa nitasoma kwa utaratibu. Kaka Josaphat Katsuva alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1958 huko Lubero, kufuatana na karatasi ya ubatizo, lakini carte d'électeur yake, ile ya kupigia kura, inasema 1956, na fundi wa musalaba wa kaburi alifuata carte d'électeur, kwa hiyo mukiona miaka mbili tofauti musifikiri ni makosa ya macho yenu, siye wenyewe hatujui, na mama yetu aliyejua alikufa mbele ya siye kumuuliza vizuri. Alisoma masomo ya musingi huko Lubero toka 1964 mpaka 1970, akaendelea Butembo mu ufundi wa umeme, akafika mwaka wa ine, akaacha mu 1975 wakati baba yetu alipofariki.

Mu 1976 alipata kazi ya kuzungusha mashine ya sinema mu salle ya parokia moja ya Butembo, akaifanya miaka munane, filamu ikikatika alikuwa anaibandika na vidole huku watu mu giza wanapiga filimbi na kumutukana, na yeye anawajibu, «Mupumue kidogo, hata mutu akizimia tunamungojea.» Mu 1984 alihamia hapa Bunia, akafungua atelier ya kutengeneza radio karibu na soko. Tarehe 12 mwezi wa kenda 1987 alifunga ndoa takatifu na Marcelline, binti wa Mahagi, muuza samaki, wakabarikiwa watoto watatu, Carine mu 1988, Prudent mu 1991, na Sandrine mu 1995. Mu mwezi wa tano 2003 walikimbia vita kwenda Beni, wakarudi mu mwezi wa kumi na moja 2004, wakakuta atelier haina mabati wala mulango, akaanza tena na meza moja.

Mu 2007 mama mumoja mwenye kutoka Danemark, injenieri wa maji mu ONG, shirika la musaada, alimuletea radio atengeneze, wakazungumza juu ya ile mashine ya Butembo, na siku ya kurudi kwao akamuachia filamu mu disque, kazi ya muzee mumoja wa inchi yake, muongozaji wa filamu aliyekufa zamani, ambaye wanamuheshimu sana huko. Kaka alitueleza kama filamu za muzee huyo zilikuwa zimeoza mu makopo, zimekatika, zimejaa vidonda, na kuko watu walioikaa miaka wanazisafisha picha moja moja mpaka zikawa kama mupya. Miye nilimuuliza, watu wa mu picha si wote walishakufa, sasa wanawasafisha juu ya nini, akacheka, na mpaka leo sijui jibu.

Tangu hapo akaanza kuzikusanya. Ndugu Roger, anayeleta vitu toka Kampala, alikuwa anazipokea kwa rafiki yake kule, moja inaweza kukawia mwaka muzima, kaka anaulizia kila juma kama mutu anayengojea mutoto wake arudi safari. Zilifika sita, pamoja na ile ya kwanza. Nyingine hazina sauti kabisa, jirani walioingia wakitumaini mupira walikuta mama mweupe anawaangalia tu, wakasema, «Josaphat, televizio yako ilikufa koo?» na yeye, «Koo iko muzima, ni weye haunyamazake.»

Mutu mumoja tu ndiye aliikaa mpaka mwisho, papa Fiston, fundi cherehani aliyetoka Irumu baada ya nyumba yake kuchomwa, akapanga nyumba ya pili toka kwetu. Kila samedi, jumamosi, saa tisa ya muchana walifunga rideau ya dirisha, wakawasha groupe ya umeme, mumoja anaangalia namna filamu ilivyoungwa, mwingine anaangalia nguo, unasikia Fiston anapiga kelele, «Simamisha! Ona ile kola, ule fundi alikuwa na mukono!» na kaka anamwambia, «Achana na kola, mutu analia pale,» na Fiston, «Alie, lakini kola imesimama.»

Miye nilihamia kwa kaka mu 2008 baada ya kufiwa na bwana yangu. Mu 2010 mama Marcelline alivimba miguu, dawa hazikusaidia, groupe de prière yetu, kikundi cha maombi, ikaja kuombea nyumba, mama mumoja akasema kuko sura ya mufu inayotuangalia ndani humu. Miye nikakumbuka ile filamu ya sita iliyokuwa imefika juma lile, juu ya ganda lake kuko bibi muzee wa nguo nyeusi, ameikaa karibu ya kitanda kitupu, kaka na Fiston walikuwa hawajaifungua, wanangojea samedi. Niliamini ninaokoa wifi yangu. Nikaitupa pamoja na ganda lake. Samedi walipoitafuta, kaka aliniuliza mbele ya wote, nikaogopa, nikasema niliona Fiston siku ya mardi akitoka na kitu mu sachet ya plastiki, na ni kweli alitoka na sachet, ndani mulikuwa pince, koleo ya radio, ambayo kaka mwenyewe alimuazima. Siku zile munazijua, silaha zilikuwa zimenyamaza lakini watu hawajaaminiana, na mutu aliyeletwa na vita hakuhitaji mashahidi wengi ili ahukumiwe. Vijana wa avenue yetu walivunja mulango wake, wakapekua mpaka mu vitambaa vya wateja, hawakupata kitu. Fiston alisimama mu kiwanja yetu akasema neno moja kwa kaka, «Na weye ulinyamaza,» kisha akahamia mutaa wa Shari. Miguu ya mama Marcelline ilipona mu mwezi wa kumi, kwa dawa ao kwa maombi, siwezi kuapa.

Kaka hakuwahi kuagiza tena filamu ile, ijapokuwa Roger alisema inapatikana, wala hakuangalia tena zile tano siku ya samedi.

Ugonjwa wake ulianza mu mwezi wa kwanza 2013, tension ya damu, kisha mafigo, akaingia hospitali tarehe 22 mwezi wa tano mwaka huu wa 2014. Juma la mwisho nilikuwa ninamulisha uji, akaniuliza, «Mbambu, ile choo ya zamani tuliifukia mwaka gani?» Nikasema, 2012. Akasema, «Ee,» akageukia ukuta, akalala. Wapendwa, ninawaza neno lile usiku na muchana, kama alijua, kwa nini hakumuita Fiston, kwa nini aliniacha ninakula mu sahani yake miaka mine bila kunifukuza, na kama hakujua, choo ilimuhusu nini mutu aliye karibu ya kufa? Nilitaka kumuambia kesho yake, lakini hakuongea tena. Alifariki lundi, jumatatu, tarehe 9 mwezi wa sita 2014, saa ine ya asubuhi.

Familia inashukuru wanganga na wauguzi wa hospitali waliomuhangaikia, majirani walioleta kuni, maji na viti, mafundi wenzake wa radio waliofunga meza zao siku mbili, kwaya, na jamaa wa Mahagi waliosafiri juu ya barabara ile tunayoijua. Kaka Josaphat, kazi yako imeisha, lala mu mikono ya Mungu bila kusumbuliwa na mutu.

Papa Fiston, hukuiba kitu, nimesema mbele ya watu wote na mbele ya mwili wake. Sasa hivi watainua sanduku. Ninakuomba uvuke barabara, uingie, ulishike pamoja na Prudent.