Asumini Katika Kopo la Maziwa

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mguu wake mmoja ukiwa umeinuliwa kwa tofali. Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa limejaa, daftari liko mapajani mwangu, na zilisalia siku mbili mtaa mzima ukutane kubadilishana mimea. Wazo lilikuwa la Sindano, fundi cherehani. Alisema anataka mtaa upendeze. Mimi nilijua anatafuta asumini. Marehemu mkewe aliwagawia majirani vitawi vyake kwa miaka mingi, kila kitawi akikifunga kwenye kijiti kwa kipande cha kitambaa kilichobaki dukani. Sindano alipolazwa miezi mitatu kwa ajili ya mguu, ile ya nyumbani ikakauka. Kila alikoulizia, aliambiwa ilikwishang'olewa. Daftarini nilikuwa na mimea kumi na tisa. Asumini haikuwamo.

Waziri, yaani kinyozi, alikuwa amejiteua mwenyekiti.

— Jamani, bila kanuni tutashikana mashati! Mwaridi mmoja kwa minanaa mitatu. Mzee, andika!

— Mitatu? — alidakia Injinia, fundi baiskeli. — Mnanaa wako wenyewe kama nywele unazofagia pale ndani!

— Basi tupime kwa mizani. Kilo kwa kilo.

— Mtu alete kopo la matope na jani moja, aondoke na bustani? Thubutu! Tupime kwa umri. Mpungate wangu ana miaka ishirini na mbili. Yule humgusi kabla hujampa shikamoo.

— Huo umeishi kwa sababu umeshindwa kufa. Hiyo nayo sifa?

— Mbona wewe tumekuachia uenyekiti?

Sindano alicheka nasi, ila macho yake yalikuwa daftarini.

— Mzee, hakuna jipya?

— Kuna mshubiri, ndugu yangu. Na mchaichai.

— Haya.

Akaukunja utepe wake wa kupimia, akaukunjua tena.

— Nimepata! — Waziri alisimama, kahawa ikamwagikia kandambili. — Kila mmea uje na historia yake. Nani kaupanda, umewahi kuugua nini, umehama mara ngapi. Usio na historia, haupokelewi!

— Na mashahidi wawili! — aliongeza Injinia.

— Watatu!

Hapo akatokea mwanamke mmoja, amekumbatia kopo la maziwa.

— Shikamooni. Hapa ndipo mnapoandikisha mimea? Sisi tumehamia juzi nyumba ya nyuma. Huu nimeukuta kwenye kopo hili nyuma ya tangi la maji. Sijui hata aliyeupanda.

— Dada yangu, kanuni zetu… — alianza Waziri.

Akaliinamia kopo. Ndani ya kopo mlikuwa na vitumba vyeupe vya maua, na shina limefungwa kijitini kwa kitambaa cha bluu kilichopauka.

Sindano alinyanyuka bila fimbo yake. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili, kama ashikavyo pindo.

— Sare za shule — alisema. — Mwaka mke wangu alipokifunga hiki, nilishona sare za shule. Mzee, andika! Ishirini! Andika asumini!

Alikuwa akicheka, mashavu yamelowa. Mgeni alitutazama mmoja mmoja, naye akitabasamu bila kujua sababu.

— Kwa hiyo, baba zangu, huu unabadilishwa na nini?

Waziri akampisha mgeni benchini. Nami nilikuwa nimekwisha kuandika asumini, nikaiinua penseli. Injinia akavua kofia yake kwa heshima.