Umri wa Aliyemuua Kaka Yenu

Sogeeni wanangu, na wewe mke wa marehemu usikae mlangoni kama mgeni, njoo hapa kitandani, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kumwita mtu mara mbili.

Nyumba hii ni yenu nyote, asitokee wa kuiuza. Cherehani nampa mkwe wangu alee nayo watoto, na karakana ya baiskeli aliyoiacha mumewe isifungwe. Hayo ni mepesi. Lililonichosha ni kesi ya keshokutwa.

Nimewasikia sebuleni mkipatana, mnadhani mgonjwa ni kiziwi. Kijana aliyemchoma mwanangu bisibisi pale karakanani hana cheti cha kuzaliwa, mama yake alishakufa, na hakimu anataka watu wanaomjua waseme umri wake, aamue kama atamhukumu kama mtoto au kama mtu mzima. Wewe mkubwa ukasema, "Tuseme ana ishirini, akaozee jela." Wote mkaitikia.

Uchungu wenu naujua, nami ninao. Sijamsamehe yule kijana, na msije mkanisingizia msibani kwamba nilimsamehe. Nikikumbuka shati la kaka yenu lilivyoganda damu, nageuzia uso ukutani. Afungwe, afundishwe, ajute. Lakini alizaliwa wiki moja na kitinda mimba wangu huyu, mama yake, jirani yetu, akiwa hoi kwa homa, nikawanyonyesha wote wawili, huku huyu, huku yule, nanyi mkicheka kwamba mama kapata pacha. Leo mmesahau?

Basi mtazameni mdogo wenu. Huyu anayenuna akinyang'anywa simu, ambaye jana tu, mkubwa, ulimtoa kwenye kikao ukisema mambo haya si ya watoto. Kwenye kikao chenu ni mtoto, halafu mwenzake wa rika moja awe mtu mzima mahakamani? Mtamfungia chumba kimoja na wanaume wenye ndevu, na huyo atakayetoka humo mtakuja kumwogopa nyinyi wenyewe.

Nipeni maji. Kidogo tu... inatosha.

Mkubwa, sikulazimishi umhurumie. Ukiona ulimi mzito, baki nyumbani, sitakulaumu. Ila usiseme uongo kwa ajili ya marehemu, maana hakuwahi hata kumwambia mteja tairi limekwisha ilhali bado zima.

Kitinda mimba, nishike mkono. Wewe ndiye utakayekwenda kusema. Najua unamlilia kaka yako. Usiazime gauni la dada yako, usijipake chochote. Vaa sare yako ya shule, usimame mbele ya hakimu, umwambie, "Tulizaliwa wiki moja." Kisha unyamaze... akutazame.

Radhi zangu mnazo nyote. Hata wewe mkubwa... hata wewe. Mungu awashike... asiwaache. Nilazeni sasa. Nimechoka, wanangu.