Sumaku kwenye Nyonga ya Winga

Benchi liliegemea duka la Fundi Redio, na kila alasiri lilibeba mizigo mitatu ileile: Fundi mwenyewe, Kinyozi, na Winga, ambaye enzi zake akikimbia pembeni mwa uwanja mabeki walibaki wakilaumiana. Siku hizi alitembelea nyonga ya chuma, na leo alikuja na kauli ya daktari: chuma kile husagika kidogo kidogo, madini huingia kwenye damu, na yakizidi huweza kuudhoofisha moyo. Aende akapimwe. Winga hakutaka kwenda. Alitaka kahawa.

— Hospitali ya nini? akafoka Kinyozi. Damu nzito kuliko maji! Sasa ya kwako ina chuma, itapandaje mpaka moyoni?

— Chuma hakipandi, kinavuta mawimbi, akasema Fundi. Mbona redio hukwaruza huyu akikaa karibu?

— Kwa hiyo mimi antena?

— Zamani ulikuwa spika, bwana. Ukifunga goli, mtaa mzima unalia.

Winga akatabasamu ndani ya kikombe. Aliuona ule uwanja wa vumbi, mguu mmoja kiatu chake, mwingine cha kaka yake, na binti aliyekuja kuwa mkewe akipita pembeni na ndoo tupu, mara ya nne, akijifanya ana safari zake.

Fundi alikuwa ameshachomoa sumaku kwenye spika mbovu.

— Mficha uchi hazai. Inua shati.

Sumaku ikabandikwa nyongani. Ikateleza, ikaanguka.

— Haikushika! Kinyozi akajishika kichwa. Kimehama!

— Kimehamia wapi? akauliza Winga.

— Juu! Jaribu kifuani.

Ikaanguka tena.

— Kimeshapita, akatangaza Fundi. Kiko shingoni, kinaelekea kichwani. Utakuwa na kichwa kigumu.

— Hicho anacho tangu shule!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Winga naye akacheka, kisha akajishika ubavu, mdomo wazi, akihema.

Mama mmoja aliyefuata pasi yake ya nguo kwa Fundi alikuwa amesimama mlangoni.

— Samahanini, kaka zangu. Huyu baba anahema hivi, naye amekaa. Ameanza lini?

Kinyozi akamtazama Fundi. Fundi akaitazama sumaku. Bega kwa bega kila siku, na hakuna kati yao aliyejua. Winga alijua: siku hizi alipumzika katikati ya ngazi za nyumbani, akijifanya anafunga kamba za viatu, na mguuni amevaa ndala.

— Nani atanisindikiza? akauliza, sauti chini.

Wote wawili wakaruka kama waliokalia siafu. Wakashika njia, wakabishana wapite wapi, wakakaribia kona.

— Jamani! akaita Winga kutoka kwenye benchi. Mnakwenda kumpima nani?